Utaratibu si wema

Wapenzi wa michezo ya kuigiza ya kifantasia wana imani iliyoota mizizi: sheria ni upande wa wema, vurugu ni upande wa uovu. Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 ilimtaka kila mhusika awe wa sheria, wa vurugu au wa katikati. Baadaye kikaongezwa kipimo cha pili, cha wema na uovu, lakini mazoea hayakufa. Mpaka leo shujaa mwenye ngao na kiapo anaaminiwa kabla hajafanya lolote. Hata sisi tusiocheza, tukiona foleni imenyooka roho zinatulia.

Imani hiyo ni ya uongo, na ushahidi uko Ngara, Tanzania. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kukimbilia huko kwa muda wa takriban saa 24. Mtu angetarajia fujo. Lakini kambi yao ya Benaco ilipangika upesi: watu walikaa komuni kwa komuni kama kwao, kila komuni na wakubwa wake. Posho ya mahindi na maharage ikapitia mikononi mwa wakubwa hao, kwa kuwa ndio waliokuwa na orodha za majina. Aliyeshika orodha alishika matumbo ya watu. Na miongoni mwao walikuwamo waliosimamia mauaji ya kimbari wiki chache tu nyuma, ng'ambo ya mto, kwa orodha na amri zilezile.

Juni mwaka huohuo lilifanyika jaribio la kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi. Maelfu walijitokeza kumtetea, wafanyakazi wa misaada wakazingirwa. Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011.

Mnasema ule ulikuwa uovu uliojivika sheria? Hapana. Ilikuwa sheria kamili, yenye ngazi, nidhamu na utii, ikifanya kazi ya uovu bila kupungukiwa chochote.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania ilitaka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wakubwa wa kambi wakaamuru safari ya kwenda bara, mbali na Rwanda, na umati ukafuata, mpaka jeshi letu likaugeuza kuelekea Rusumo. Katika mchezo ule, mkimbizi aliyechomoka kwenye msafara huo ili arudi kwao angeandikwa upande wa vurugu.