Ngozi ni Yetu, Viatu ni vya Nani?

Ndugu wafanyakazi na wenyeji wa Bunia, tazameni miguu yenu. Djugu na Irumu ni inchi ya ng'ombe tangu zamani za babu zetu. Je, kiatu ulichokivaa leo kimetoka wapi? Bendera yetu tuliipandisha tarehe 30 Juni 1960, lakini mpaka leo ngozi nyingi inauzwa mbichi kwa bei ndogo, nasi tunanunua viatu vya wageni kwa bei kubwa.

Wako watakaosema: Mjini tuna washona viatu. Ni kweli, nami ninawaheshimu. Lakini wengi wao kazi yao ni kiraka, gundi na misumari. Mtu anayejua kuziba tu lazima angoje kiatu cha mwenzake kipasuke ndipo apate chakula. Nasema wavuke hapo.

Hasara inaanza machinjoni. Mchinjaji anachuna kwa haraka, kisu kinatoboa, kisha ngozi inatupwa chini juani. Jua kali linaiunguza juu, ndani inaoza. Yafaa ichunwe polepole, itiwe chumvi siku ile ile, kama kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za ngozi, au itandazwe kwenye kiunzi cha miti mahali pa kivuli. Kazi hiyo haitaki mashine.

Kisha inalowekwa katika maji ya chokaa mpaka manyoya yatoke, inaoshwa sana, na kulazwa katika maji ya maganda ya miti yenye ukali. Huku kwetu migunga yafaa. Watu wa pwani walitumia mikandaa. Maganda yanataka majuma mengi, hata miezi. Dawa ya kromu inamaliza kwa siku moja au mbili, lakini maji yake yakimwagwa ovyo yanaharibu mito, na sisi watu wa migodi tumekwisha kuona mito iliyoharibika. Mimi ningechagua maganda, ingawa ni ya polepole.

Tena fundi ajue kusoma ngozi. Ya mgongoni ni imara: kata hapo soli na mikanda. Ya tumboni inavutika: ukikata mkanda hapo, baada ya mwezi utakuwa mrefu kama kamba ya mbuzi. Na kushona ni kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta ya nyuki, kila sindano ikipita katika tundu lile lile. Uzi ukikatika mahali pamoja, pengine pote panashika. Mshono wa mashine ukikatika, unaanza kufumuka. Mwisho, achonge umbo la mguu kwa mti, avutie ngozi juu yake. Hapo ndipo ametengeneza kiatu kipya, wala hakuziba cha zamani.

Je, haya ni ndoto? Mwaka wa 2008 serikali ya Ethiopia iliweka kodi ya 150 kwa mia juu ya ngozi mbichi inayotoka inchini, ili ngozi itengenezwe kwao kwanza. Limuru, kule Kenya, mji mzima unajulikana kwa kiwanda cha viatu. Wale ni watu kama sisi.

Dhahabu ya Kilo imechimbwa tangu 1905. Mimi karani ninaandika majina ya vijana wanaoingia mgodini, na ya wanaotoka bila kazi nyingine mkononi. Vita vya 1999 mpaka 2003 viliondoa ng'ombe wengi, na tangu hapo wizi wa mifugo haujaisha. Lakini ng'ombe anazaa; shimo la dhahabu halizai. Kijana mwenye sindano mbili ana neno la kumjibu yule anayekuja kumpa bunduki.

Basi ninaomba wakubwa wa chama waulize serikali ya jimbo: Kodi ya ngozi mbichi iko wapi, na shule ya kazi ya ngozi itafunguliwa lini? Nanyi mafundi wa soko la Bunia, kila mmoja achukue mwanafunzi mmoja mwaka huu, amfundishe kukata kabla ya kumfundisha kuziba.