Uvira: Unene kwa wanafunzi wa sekondari, hatari ambayo wengi wanaiona kama baraka

Katika uwanda wa Ruzizi, watu wakisikia neno lishe wanafikiri kwanza njaa na bwaki. Wana haki. Mutarule, ambako watu zaidi ya 30 waliuawa mwezi Juni 2014, na jirani zake Luberizi na Sange, wameishi miaka mingi na vita na mashamba yanayoachwa. Lakini kuna tatizo lingine lisilopiga kelele: vijana wa sekondari kunenepa kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390, wa miaka 5 hadi 19, walikuwa na uzito uliozidi. Kati yao, milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Mwaka 2025, UNICEF ilitangaza kwamba duniani unene huo sasa umepita wembamba kwa watoto wa umri wa shule. Afrika kusini mwa Sahara, wembamba bado unaongoza. Maana yake, hapa matatizo yote mawili yanaweza kukaa ndani ya nyumba moja.

Sababu ni zipi?

Ya kwanza ni chakula cha kununua. Familia iliyokimbia shamba na kuingia Uvira haivuni tena, inanunua. Kinachoshibisha upesi kwa pesa kidogo ni bugali na mandazi ya mafuta mengi. Maharagi, matunda na ndagala vinapungua kwenye sahani.

Ya pili ni soda, ile wengi wanaita sukre. Chupa moja ya nusu lita inaweza kuwa na gramu 50 za sukari, karibu vijiko 12. OMS inasema hata mtu mzima asipite kiasi hicho kwa siku nzima.

Ya tatu ni kukaa. Mwenye pesa anapanda moto hata kwa safari fupi. Usalama ukiharibika, wazazi wanafungia watoto nyumbani, zaidi wasichana, na mchezo unabaki kwa simu.

Ya ine ni fikra. Mtoto mnene, watu wanasema: "Kwao wanakula." Akikonda, wanashuku ugonjwa. Ndiyo maana mzazi haoni hatari, wakati unene huo unafungua njia kwa ugonjwa wa sukari na tansio.

Nini ifanyike?

OMS inaomba vijana wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili dakika 60 kila siku. Kutembea, kulima, kuchota maji na kucheza mpira, vyote vinahesabika. Prefe anaweza kulinda saa ya jimnastiki isigeuzwe somo lingine. Kamati ya wazazi, COPA, inaweza kuongea na wamama wanaouza mbele ya shule, bila kuwafukuza, ili karanga, ndizi na mahindi ya kuchemsha vikae pembeni ya mandazi. Maji safi ya kunywa shuleni yanapunguza hamu ya sukre.

Nyumbani, kijana asinyimwe chakula wala kuchekwa, maana bado anakua. Apunguziwe mafuta na sukari, aongezewe sombe, maharagi na samaki.

Na mzazi asichanganye: miguu ikivimba, na kidole kikibonyeza kinaacha shimo, hiyo si unene. Inaweza kuwa bwaki. Apelekwe kituo cha afya siku ileile.