Mkoba wa Mjomba: Udikteta wa Duvalier katika Historia na Fasihi ya Haiti

Utangulizi

Utawala wa François Duvalier na mwanawe Jean-Claude, uliodumu nchini Haiti kuanzia mwaka 1957 hadi 1986, umekuwa ukielezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza humfanya Duvalier mkubwa kuwa mwendawazimu aliyeingia ikulu kwa mkosi. Namna ya pili humtazama kuwa zao tupu la ubeberu. Kila moja ina chembe ya ukweli, lakini zote mbili zinaisahau dhima ya utamaduni. Makala haya yanashikilia kwamba udikteta huo ulijengwa kwa bunduki na kwa maneno pia, na kwamba maneno hayo yaliporwa kutoka katika fikra na ngano za Wahaiti wenyewe. Kwa hiyo, fasihi iliyoupinga haikuwa shahidi wa mateso tu, bali pia ilikuwa mdai aliyetaka kurudishiwa mali yake.

Mizizi ya Itikadi

Haiti ilitangaza uhuru wake tarehe 1 Januari 1804, baada ya watumwa kulishinda jeshi la Napoléon. Mwaka 1825 Ufaransa iliilazimisha kukubali fidia ya faranga milioni 150 kwa ajili ya waliokuwa wamiliki wa mashamba na watumwa, deni ambalo lilipunguzwa baadaye lakini likailemea nchi kwa vizazi. Tangu 1915 hadi 1934 majeshi ya Marekani yaliikalia nchi hiyo. Ndani yake, mali na vyeo vilishikwa kwa kiasi kikubwa na tabaka dogo lililozungumza Kifaransa, ambalo machotara walikuwa na nafasi kubwa ndani yake, ilhali umma wa wakulima ulizungumza Krioli.

Katika mazingira hayo, Jean Price-Mars alichapisha Ainsi parla l'Oncle mwaka 1928. Kitabu hicho kiliwataka wasomi waache kuzionea haya ngano, dini na mila za umma zenye asili ya Afrika. Miongoni mwa walioipokea fikra hiyo alikuwamo kijana daktari, François Duvalier, ambaye mwaka 1938 alishiriki kuanzisha jarida la Les Griots. Hapo ndipo fikra ilipopindwa. Wito wa kuuheshimu utamaduni wa wengi uligeuzwa kuwa dai kwamba mtawala mweusi ndiye umma wenyewe, na kwamba anayempinga anaipinga asili yake. Price-Mars mwenyewe hakuukubali upotoshaji wa aina hii. Mwaka 1967, akiwa na umri unaopita miaka tisini na Duvalier akiwa bado madarakani, alitoa barua ya wazi akiwapinga wale walioifanya rangi kuwa ndiyo suala zima la jamii.

Unyakuzi wa Ngano

Baada ya kuchaguliwa mwaka 1957, na kabla ya kujitangaza rais wa maisha mwaka 1964, Duvalier aliunda wanamgambo ambao jina lao rasmi lilikuwa Watu wa Kujitolea wa Usalama wa Taifa. Umma uliwaita Tonton Macoute. Jina hilo linatokana na ngano: ni mjomba anayezunguka usiku na kuwatia watoto watukutu katika mkoba wake wa ukili. Waswahili husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nchini Haiti methali hiyo isingefariji mtu. Wanamgambo walikuwa majirani, wakiwajua wahanga wao kwa majina, na wengi wao hawakuwa na mshahara, hivyo waliishi kwa kuwanyang'anya wenzao.

Wala si kweli kwamba itikadi hiyo ya weusi iliwanufaisha weusi maskini. Mwaka 1964, baada ya vijana 13 kuingia nchini kutoka uhamishoni ili kuupindua utawala, familia za machotara katika mji wa Jérémie ziliuawa, watoto wadogo wakiwamo. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo, wawili wa mwisho kati ya vijana hao, Marcel Numa na Louis Drouin, walipigwa risasi hadharani katika mji mkuu, na wanafunzi wakaletwa kutazama. Numa alikuwa mweusi na Drouin alikuwa chotara. Risasi hazikubagua rangi, kwani rangi ilikuwa kisingizio tu. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu 30,000 hadi 60,000 waliuawa chini ya Duvalier baba na mwana.

Fasihi kama Madai

Waandishi walilipa gharama kubwa. Jacques Stephen Alexis, mtunzi wa Compère Général Soleil, alirudi kwa siri mwaka 1961 akakamatwa na kuuawa. Marie Vieux-Chauvet alichapisha Amour, Colère et Folie mjini Paris mwaka 1968. Kitabu kiliondolewa sokoni kwa kuhofia usalama wa jamaa zake, naye akafia uhamishoni New York mwaka 1973. Mwaka huohuo wa 1968 serikali ya Duvalier ilitoa kijitabu kizima cha kumshambulia Mwingereza Graham Greene kwa sababu ya riwaya yake ya The Comedians. Dola inayodharau fasihi haipotezi wino kuijibu.

Jibu la ndani kabisa lilitoka kwa Frankétienne, ambaye hakuihama nchi hadi alipofariki mwaka 2025. Riwaya yake Dezafi (1975), inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa kwa Krioli, inasimulia kijiji kinacholimwa na misukule chini ya bwana katili, mpaka mmoja wao anapoonjeshwa chumvi, akazinduka na kuwazindua wenzake. Mtunzi hakumtaja rais. Alichofanya ni kuichukua imani ileile ambayo udikteta uliitumia kutisha, akaigeuza iwe hadithi ya ukombozi, tena kwa lugha ya wale waliotishwa. Katiba ya mwaka 1987 ilipoifanya Krioli kuwa lugha rasmi sambamba na Kifaransa, iliidhinisha heshima ambayo fasihi ilikwisha kuidai.

Neno umande linaonyesha mgogoro huu vizuri zaidi. Katika Gouverneurs de la rosée ya Jacques Roumain (1944), umande ni maji, na anayeutawala ni mkulima anayewaunganisha wenzake ili shamba lipate uhai. Miaka 60 baadaye, katika The Dew Breaker ya Edwidge Danticat (2004), mvunja umande ni mtesaji anayekuja alfajiri, umande ukiwa bado majanini, kumchukua mtu. Danticat anamweka mtesaji huyo New York, akiwa baba anayependwa na binti asiyejua. Swali lake ni zito: je, msamaha unawezekana pale ambapo kosa halijatajwa?

Hukumu Isiyotolewa

Swali hilo si la kubuni. Jean-Claude Duvalier alikimbilia Ufaransa tarehe 7 Februari 1986. Alirudi Januari 2011, akafunguliwa mashtaka, kisha akafariki Port-au-Prince Oktoba 2014 bila kesi yake kumalizika. Baada ya Rais Jovenel Moïse kuuawa Julai 2021 na magenge kuteka sehemu kubwa ya mji mkuu, sauti zinazoutamani utulivu wa zama za Duvalier zimepata wasikilizaji. Tamaa hiyo inaeleweka, ila hoja yake haisimami. Aliyewapa raia silaha bila mshahara wala sheria, akazivunja nguvu mahakama, hakuacha utulivu. Aliacha kielelezo kwamba mwenye bunduki ndiye mwenye haki.

Hitimisho

Historia hii haiko mbali na wasomaji wa Kiswahili. Katika miaka ya 1960 walimu na wataalamu wengi wa Haiti walikwenda kufanya kazi Kongo, baadhi yao wakiukimbia utawala huo. Raoul Peck, aliyelelewa huko, alitengeneza filamu juu ya Lumumba na pia L'Homme sur les quais (1993), inayoonyesha vitisho vya Duvalier kwa macho ya mtoto. Mhakiki anayepima ukombozi kwa asili ya mtawala, au kwa wingi wa mila katika hotuba zake, anarudia kosa ambalo Haiti imekwisha kulilipia. Kipimo cha haki ni hali ya mtawaliwa.

Hata hivyo, fasihi isitwishwe mzigo usio wake. Riwaya inaweza kumrudishia mkulima umande wake na kumnyang'anya mjomba mkoba wake, lakini haiwezi kumpeleka mtu kizimbani. Mahakama zikinyamaza, fasihi hubaki ikiitunza kesi, na jamii inayoisoma bila kudai hukumu imeisoma nusu tu.