Uyoga wa manjano katika makopo ya maua

Tangu mvua zilipoanza neno moja linasemwa kila pahali hapa masomoni: uyoga. Umeota katika makopo ya maua ya maktaba, katika darasa la saba, na hata katika lile kopo kubwa lililo mbele ya biro ya Bwana Prefe. Ni uyoga mdogo wa rangi ya manjano, kofia yake kama mwavuli usiofunguliwa sawasawa, na pembeni yake juu ya udongo kuna kitu cheupe kama pamba. Wengine wanasema maua yote yatupwe nje. Wengine wamekwisha kumwaga petroli ndani ya kopo, mmoja ameweka chumvi. Na wengine, ndiyo mbaya kupita yote, wameanza kumtazama vibaya mdogo wetu mmoja wa darasa la saba, ati kwa sababu kopo liko karibu na meza yake na uyoga ulitoka usiku mmoja.

Mimi kama kapita nasema hapana kwa hayo yote.

Tuanze na huyo mdogo, kwa maana ua linaweza kungoja lakini jina la mtu halingoji. Kwamba uyoga ulitoka usiku mmoja si kweli. Chini ya udongo kuna nyuzi nyembamba sana, nyeupe, ambazo zimekuwa pale majuma mengi zikila polepole. Kile tunachoita uyoga ni kama tunda la nyuzi hizo. Zikipata chakula na unyevu wa kutosha, tunda linatokea kwa siku moja ao mbili, kisha linanyauka na kuanguka. Kila mtu aliyekulia kijijini anajua jambo hili. Kichuguu kinakaa kimya miezi na miezi, mvua inanyesha, na asubuhi mama anarudi na kitunga kimejaa. Nani anauliza ni nani aliyekiroga kichuguu? Tunakula na bugali na tunashukuru. Sasa juu ya nini uyoga wa kichuguu uwe baraka, na uyoga wa kopo uwe uchawi? Katika nchi yetu watoto wamefukuzwa nyumbani mwa baba zao kwa maneno madogo kuliko haya. Mtu nitakayemsikia akiyarudilia katika dortwari nitampeleka kwa Mchungaji wa masomo, awe rafiki yangu ao asiwe.

Tena watu wa sayansi wanaujua uyoga huu tangu zamani. Kwa Kilatini unaitwa Leucocoprinus birnbaumii. Ni Corda, mtaalamu wa uyoga wa Prague, aliyeuandika mwaka 1839 na kuupa jina la mtunza bustani mmoja aliyeitwa Birnbaum. Kwao ni nchi za joto, lakini unasafiri ndani ya udongo wa makopo, na huko Ulaya unaota ndani ya nyumba za vioo na katika saluni za watu. Kama ni uchawi, basi umefika mpaka madirishani pa Wazungu!

Ua lenyewe haulidhuru. Chakula chake ni vitu vilivyokufa: majani yaliyooza, vipande vya mti, samadi. Na ile pamba nyeupe nayo mara nyingi ni kuvu wa namna hiyo hiyo, anayekula mabaki. Lakini wadogo zangu mliozoea kuokota uyoga, sikieni vizuri: huu wa manjano hauliwi. Unaumiza tumbo na kutapisha. Aliyeugusa anawe mikono, yatosha.

Basi kama hauli ua, mbona maua ya maktaba yanakufa? Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Yanakufa kwa maji. Mizizi inahitaji hewa kama sisi. Udongo ukijaa maji kila siku, hewa inakosa njia, mizizi inaoza, na mizizi iliyooza haiwezi tena kunywa. Ndipo majani yanalegea kama ya mmea wenye kiu, na mwanafunzi anayepita anasema: "Masikini, ua linataka mayi." Anaongeza. Vile vijinzi vidogo vyeusi vinavyotusumbua wakati wa etide vinatoka huko huko: vinataga mayai katika udongo unaolowa, na watoto wao wanakula kuvu na mizizi midogo.

Hebu tuhesabu. Asubuhi wafagiaji wanamwagilia. Saa sita mwanafunzi aliyechelewa anapewa adhabu ya kumwagilia maua. Jioni zamu ya etide inamwagilia tena, kwa sababu haijui kama wengine wamekwisha kufanya. Siku ya posho, katika usafi mkubwa, ni ndoo nzima. Na yule wa adhabu hana shida na ua, ana shida ya kumaliza adhabu. Anapindua ndoo na kukimbia uwanjani. Makopo yenyewe ni yale ya mafuta ya kupikia, na mengi hayana tundu hata moja chini. Maji yapite wapi? Ile mimea ya maktaba yenye majani marefu yaliyosimama kama panga kwao ni huku kwetu Afrika, toka Nigeria mpaka Kongo, na inaweka akiba ya maji ndani ya majani yake. Inaweza kukaa majuma mawili bila kunywa na isilalamike. Sisi tunainywesha mara tatu kwa siku.

Na maji hayo yanatoka wapi? Ni wadogo wanaopanda kilima na bidoni ya litre 20 kichwani. Juzi jikoni walingoja maji ya maharagi, na wakati ule ule kopo mbele ya biro lilikuwa linamwaga mpaka kwenye simenti. Jambo hili linaniuma kupita uyoga.

Wanaosema tutupe yote, ninawaomba wafungue Walawi sura ya 14, toka mstari wa 33. Pale nyumba imeonekana na madoa ukutani. Kuhani anakuja, anatazama, anafunga nyumba siku saba. Anarudi, anatazama tena. Wanaondoa mawe yenye madoa, wanakwangua kuta, wanapaka udongo mpya. Nyumba inabomolewa tu kama madoa yamerudi baada ya kazi hiyo yote. Kama kuta zilivumiliwa hivyo, tunashindwa nini kuvumilia kopo la ua?

Kazi yenyewe si ngumu. Tuache kumwagilia mpaka udongo ukauke. Mtu aingize kidole mpaka kiungo cha pili, akisikia baridi na unyevu, asiongeze kitu. Tukwangue udongo wa juu, kama upana wa vidole viwili, tuutupe mbali na tuweke mwingine mkavu. Tutoboe makopo kwa msumari. Tusitie tena majani ya chai wala wali uliobaki refektwari, ati ni mbolea. Hicho ndicho chakula cha kuvu. Samadi iwe iliyooza kabisa. Madirisha yafunguliwe. Petroli na chumvi vinaua ua mbele ya kuua uyoga, na petroli karibu na taa ni hatari kwetu sote. Uyoga unaweza kurudi, kwa sababu mbegu zake ni vumbi linaloruka hewani. Hatutaumaliza, lakini udongo ukikauka utapungua sana.

Nakubali neno moja la wale wanaopinga maua. Mwenye pumu asikae karibu na kopo lenye kuvu. Kopo lihamishwe siku ile ile, na asihamishwe yeye.

Ninaomba mambo mawili kwa Bwana Direkta wa Disiplini. La kwanza, kumwagilia maua kutolewe katika orodha ya adhabu. Adhabu ziko nyingine, nyasi za uwanja hazijaisha. La pili, kila chumba kiwe na mtu mmoja wa maua, jina lake liandikwe mlangoni, na mwingine asiguse hata kama anaona majani yamelegea. Darasa la saba wamekwisha kumchagua wa kwao, na ni yule yule mdogo aliyesemwa vibaya. Amekubali.

Makopo manne ya maktaba bado hayajatobolewa. Mwenye msumari mrefu na nyundo anikute posho, nyuma ya kapela, baada ya usafi.