Kushindwa Hakufundishi Kushinda: Yaliyowakuta Vijana wa Buffalo



Najua kuna watakaouliza, Mswahili na hoki ya barafuni wapi na wapi? Nimeshazoea. Mimi mchezo huu niliujulia ukubwani, nilipokuwa nasoma St. Catharines, mji wa Kanada ulio karibu na maporomoko ya Niagara. Ukivuka mpaka tu uko Buffalo, Marekani, na ndio maana nyumba nyingi za pale ni za Wakanada lakini roho zao ziko kwa Buffalo Sabres. Mwenye nyumba wangu, mzee mstaafu wa kiwandani, alikuwa mmoja wao. Kwa baridi ile hakuna pa kwenda, basi jioni tunajazana sebuleni kwake, yeye kwenye kiti chake, sisi wapangaji chini kwenye zulia. Ugonjwa ukaniingia hivyo hivyo, na mpaka leo haujatoka.

Leo nina jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, na najua litawaudhi baadhi ya wapenzi wenzangu. Tumedanganywa, na sisi wenyewe tumejidanganya, kwamba timu inajengwa kwa kukusanya vijana wenye vipaji. Jamani, hapana! Ukikusanya vijana wenye vipaji ukawaweka mahali ambapo kushindwa ni jambo la kawaida, umejaza bweni lisilo na mlezi. Watakachojifunza mle ni kuzoea kushindwa, basi.

Kwa wasiofuatilia niwaeleze kidogo. Kila mwaka ligi ya NHL inagawana vijana wapya, wengi wao wa miaka 18. Wenyewe wanaita drafti, lakini siyo ile yetu ya vizibo vya soda kijiweni. Timu zinachagua kwa zamu, na zilizofanya vibaya ndizo zinatangulia. Nafasi za juu kabisa zinachezewa bahati nasibu, na aliyeburuza mkia ndiye mwenye nafasi kubwa ya kushinda. Nia ilikuwa nzuri, mnyonge naye apate nguvu. Halafu tangu 2005 kuna kikomo cha mishahara, timu haiwezi kutumia zaidi ya kiasi fulani, na kijana mpya mkataba wake wa kwanza ni wa bei nafuu. Kwa hiyo kijana mwenye kipaji ni mali mara mbili, anafunga mabao na hali sana.

Sasa binadamu ni binadamu. Kuna watu walikaa na kalamu wakapiga hesabu: kama wa mwisho anapewa zawadi, kwanini tusiwe wa mwisho?

Msimu wa 2013-14 Buffalo wakaburuza mkia. Bahati nasibu ikaenda Florida, wao wakachagua wa pili, wakamchukua Sam Reinhart. Msimu wa 2014-15 wakaburuza mkia tena, na safari hii ilikuwa kama mradi. Ndani ya mwezi mmoja wa msimu ule waliwatoa makipa wao wawili, Jhonas Enroth akaenda Dallas, Michal Neuvirth akaenda New York Islanders. Hivi timu inayotaka kushinda inatoa makipa wawili katikati ya msimu? Kisa kilikuwa kijana mmoja wa Ontario, Connor McDavid, ambaye kila mtu alikuwa anajua ni wa aina yake.

Tarehe 26 Machi 2015 Arizona walikuja Buffalo. Nao walikuwa wa mkiani, kwa hiyo atakayefungwa siku ile ndiye atakayekuwa karibu zaidi na McDavid. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Sam Gagner akawafungia Arizona, na mashabiki wa Buffalo wakashangilia. Uwanjani kwao! Wamefungwa wao, wanashangilia!

Na mimi nilishangilia. Nasema ukweli wangu, niliruka kutoka kwenye lile zulia nikagongana mikono na wenzangu. Mwenye nyumba hakusema kitu. Alichukua rimoti akazima televisheni, halafu akatuuliza kama tunadhani wale vijana waliovaa jezi yetu ni viziwi. Akaenda kulala. Tukacheka, tukasema mzee amepitwa na wakati.

Bahati nasibu ikaenda Edmonton. Buffalo wakampata wa pili tena, Jack Eichel, naye si haba hata kidogo. Baadaye wakapata nafasi ya kwanza mara mbili, wakamchukua Rasmus Dahlin 2018 na Owen Power 2021. Ukiyaangalia majina hayo kwenye karatasi unasema hii timu itatisha dunia. Haikutisha mtu. Kuanzia msimu wa 2011-12 mpaka 2024-25, misimu 14 mfululizo, Buffalo hawakuingia hatua ya mtoano hata mara moja, na hakuna timu nyingine katika historia ya NHL iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo. Kati ya Lindy Ruff kufukuzwa 2013 na kurudishwa 2024 walipita makocha sita. Mwaka 2021 walicheza mechi 18 mfululizo bila ushindi, na Dahlin alikuwemo, ana miaka 20.

Mtaniambia labda vijana wenyewe walikuwa wabovu. Haya, tuhesabu.

Ryan O'Reilly aliletwa 2015, tayari ni mchezaji aliyekomaa. Mwaka 2018, timu ikiwa imemaliza ya mwisho kwa mara nyingine, akawaambia waandishi wa habari kwamba pale watu wameanza kuona kufungwa ni sawa tu, na kwamba kuna nyakati mapenzi yake kwa mchezo yamepotea. Julai wakampeleka St. Louis. Mwaka uliofuata St. Louis wakabeba Kombe la Stanley, na mchezaji bora wa hatua ya mtoano akawa ni yeye.

Jack Eichel alipewa unahodha 2018, kabla hata hajafikisha miaka 22. Akaja kugombana na uongozi kuhusu upasuaji wa shingo yake, akavuliwa unahodha, na Novemba 2021 akapelekwa Vegas. Mwaka 2023 Vegas wakawa mabingwa, na Eichel ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa pointi katika hatua ya mtoano. Kwa Buffalo hakuwahi kucheza hata mechi moja ya hatua hiyo.

Sam Reinhart alipelekwa Florida 2021. Msimu wa 2023-24 alifunga mabao 57, na katika mechi ya saba ya fainali ya 2024 bao la ushindi lilikuwa lake. Mwaka 2025, siku Florida wanachukua kombe la pili mfululizo, alifunga manne peke yake. Brandon Montour naye alitoka Buffalo akaenda kubeba kombe Florida. Kipa Linus Ullmark aliondoka 2021 akaenda Boston, na 2023 akapewa tuzo ya kipa bora wa ligi.

Hao wote walipita mikononi mwa Buffalo! Sasa shida ilikuwa kipaji? Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Tatizo ni kwamba wale waliokuwa wanakunja walikunja upande usiotakiwa, mpaka samaki alipopata jiko lingine ndipo akanyooka.

Nijibu hoja mbili, maana najua zinakuja.

Ya kwanza ni kwamba Pittsburgh na Chicago nao walikuwa wabovu, wakachagua juu, wakawa mabingwa. Ni kweli kabisa. Lakini Sidney Crosby alipofika Pittsburgh 2005 akiwa na miaka 18 alikwenda kuishi nyumbani kwa Mario Lemieux, gwiji wa timu ile ile, ambaye alikuwa bado anacheza naye. Kijana anakula meza moja na mtu aliyekwishabeba kombe! Chicago nao walikuwa na Jonathan Toews na Patrick Kane, lakini 2009 wakamsajili Marian Hossa, mtu mzima aliyekuwa ametoka kupoteza fainali mbili mfululizo na timu mbili tofauti, ana njaa ya kutosha. Mwaka 2010 wakabeba kombe. Kumbe kuchagua juu kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kijana anamkuta nani ndani.

Na muangalie Detroit. Pavel Datsyuk alichaguliwa nafasi ya 171 mwaka 1998, Henrik Zetterberg nafasi ya 210 mwaka 1999. Hao ni watu ambao timu zote ziliwapita mara kadhaa. Datsyuk msimu wake wa kwanza alichezeshwa na mkongwe Brett Hull, akamaliza msimu huo wa 2002 na kombe mkononi. Zetterberg aliachwa Sweden akomae, akaja na miaka 22. Mwaka 2008 hao wawili ndio waliokuwa nguzo za Detroit bingwa. Hakuna aliyeomba afungwe ili awapate.

Ya pili ni kwamba hata Buffalo walileta wakongwe. Ndiyo, walileta, O'Reilly mwenyewe ni ushahidi. Lakini mkongwe unayemleta kwenye nyumba ambayo uongozi wenyewe umeshaonyesha kuwa kufungwa kuna faida, atamfundisha nini mtoto? Atahubiri asubuhi, jioni mtoto anaona mwenye nyumba anafanya tofauti. Tabia ya timu inaanzia juu, kama maji ya bomba. Florida walimaliza kileleni mwa ligi msimu wa 2021-22, halafu wakatolewa mapema kwenye mtoano. Wangeweza kuridhika. Badala yake wakamtoa Jonathan Huberdeau, aliyekuwa ametoka kupata pointi 115, pamoja na beki MacKenzie Weegar, wakamchukua Matthew Tkachuk, mtu mwenye ubishi wa kutosha kwa timu nzima. Tuliwacheka. Tangu hapo wamecheza fainali tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, wakashinda mbili. Na waliofungwa mara zote mbili ni nani? Edmonton ya McDavid, timu iliyochagua wa kwanza mara nne kati ya 2010 na 2015.

Mtajiuliza kwanini jambo hili linaniuma hivi, wakati hata gongo lenyewe silijui kulishika. Nitasema.

Chumba cha habari nilichoanzia kazi nilikikuta kimewaondoa wahariri karibu wote wa siku nyingi. Walikuwa ghali. Tukajazwa sisi vijana, bei nafuu, wenye nguvu, tunasifiwa kila wiki kwamba ndio kizazi kipya. Habari yangu ya kwanza kubwa ilikuwa na kosa ambalo mhariri mzee angeliona kabla hajamaliza chai yake. Ilitoka hivyo hivyo. Aliyeandikwa vibaya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mtaani kwake watu walisoma. Tulichapisha samahani ya mistari miwili ukurasa wa ndani. Pale kazini hakuna aliyenigombeza. Nilitamani mtu anigombeze! Siku ile nikaikumbuka ile sebule na mzee na rimoti yake. Kosa lilikuwa langu, sikatai, lakini nilikuwa nimeingizwa mahali ambapo kukosea kumekuwa kawaida, na nilikuwa nimeanza kuzoea.

Ndio maana nikisikia shabiki anasema timu yetu ifungwe tu msimu huu, kuna kijana mkali anakuja, damu inanichemka. Huyo kijana unayemsubiri atakuja kuvaa jezi ile ile uliyoishangilia ikifungwa. Atakaa kwenye viti vile vile, na wenzake waliosikia kelele zako, na atajua hapa watu wanaishi vipi.

Ushauri wangu kwa anayejenga timu ni mdogo. Chagua vijana, ndiyo, tena wengi. Lakini kijana aikute nafasi ina mwenyewe, aipiganie. Amkute mtu mzima anayekasirika akifungwa hata mechi isiyo na maana. Na bosi asithubutu hata siku moja kuonyesha kwamba kipigo kimemfurahisha.

Dahlin amekuwa nahodha wa Buffalo tangu 2024. Alicheza misimu saba pale bila kuonja hata mechi moja ya mtoano. Timu inaweza kufufuka wakati wowote, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga kelele, lakini ile misimu saba ya ujana wake hakuna drafti itakayomrudishia.

Mzee wangu wa St. Catharines, kama bado uko kwenye kile kiti chako, nisamehe. Hawakuwa viziwi.

Naomba kutoa hoja.