Vijana wetu na ushairi: tuwafungulie mlango nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunataka kuzungumza nanyi jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni ushairi. Tunakusudia hasa ushairi na watoto wetu waliofikia balehe, wale ambao wazazi wao hutusimamisha mlangoni mwa msikiti baada ya sala na kutulalamikia kwamba kijana hasemi, haambiliki, na masikio yake yamezibwa kwa hedifoni tangu asubuhi mpaka usiku.

Kilichotusukuma kuandika ni kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukisomesha darasa la vijana baada ya sala ya Alasiri, tulilifungua daftari la mwanafunzi mmoja wa miaka kumi na sita hivi, tukakuta baina ya masomo ya nahau shairi alilolitunga mwenyewe. Lilikuwa na beti tano. Aliyekusudiwa humo hakutajwa kwa jina, ila ilidhihiri kuwa ni binti. Hapakuwa na neno chafu hata moja. Nasi tukasimama, tukalisoma kwa sauti mbele ya wenziwe, tena kwa kejeli, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha tukaichana karatasi ile, tukamwambia kijana kwamba washairi hufuatwa na wapotevu. Tulidhani tumemkanya. Hakuja darasani kesho yake, wala keshokutwa, wala hakurudi tena.

Usiku ule beti zile zilitujia kichwani bila ya sisi kuzitaka, tukaanza kuzihesabu kwa vidole. Kila mshororo ulikuwa na mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho vilikuwa vimelingana toka ubeti wa kwanza hadi wa tano. Shuleni kwao walikuwa hawajafika katika somo hilo, na sisi hatukuwa tumemfundisha. Alikuwa amejifunza kwa sikio, katika kaswida alizokuwa akiziimba pamoja nasi tangu akiwa mtoto wa miaka saba. (Hatuingii hapa katika mjadala wa Maulidi, ambao una mahali pake.) Yaani sisi wenyewe ndio tuliompa kipimo kile, kisha tukamwadhibu kwa kukitumia.

Sasa tuiangalie hoja tuliyomkemea nayo, kwani bado inatumika katika nyumba nyingi. Ni kweli kwamba mwishoni mwa Suratu Ash-Shu'araa, sura ya 26, washairi wametajwa kwa sifa mbaya, kwamba wanafuatwa na wapotevu, kwamba wanatangatanga katika kila bonde, na kwamba wanasema wasiyoyatenda. Hizo ni aya ya 224 hadi 226. Lakini aya ya 227 inawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Siku ile tulimsomea kijana mwanzo wa maneno tukaficha mwisho wake, na katika elimu hilo si kosa dogo.

Yako pia mapokezi sahihi yanayosema ni heri tumbo la mtu lijae usaha kuliko kujaa mashairi. Wapo wanaoishia hapo. Imam Bukhari aliyeipokea hadithi hiyo aliiweka chini ya mlango unaohusu ushairi unaomtawala mtu mpaka ukamzuia kumkumbuka Mwenyezi Mungu, kutafuta elimu na kusoma Qur'ani. Kwa hiyo lawama iko katika kutawaliwa. Naye Imam Shafii, ambaye wengi wetu katika mwambao huu tunaifuata madhehebu yake na ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, aliufanya ushairi kuwa ni maneno kama maneno mengine, mazuri yake ni mazuri na mabaya yake ni mabaya.

Tena twende Madina. Hassan bin Thabit (R.A.) alikuwa akiwekewa mimbari ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) ili awajibu kwa mashairi wale walioukashifu Uislamu. Baadaye, katika zama za Umar (R.A.), alikuwa akighani msikitini humo, Umar akapita akamtupia jicho la kukemea. Hassan hakunyamaza. Alimwambia Amirul Muuminina kwamba alikuwa akighani humo humo wakati yumo aliye bora kuliko yeye, kisha akamgeukia Abu Huraira (R.A.) amshuhudie, naye akashuhudia.

Lakini katika mapokezi yote ya mlango huu, linalotugusa zaidi sisi walezi ni lile alilolisimulia Sharid (R.A.) katika Sahihi Muslim. Siku moja alipanda nyuma ya Mtume (S.A.W.) juu ya kipando kimoja. Mtume akamuuliza kama amehifadhi chochote katika mashairi ya Umayya bin Abis-Salt. Huyu Umayya hakusilimu. Sharid akasoma ubeti mmoja, Mtume akamtaka aendelee. Akasoma mwingine, akamtaka aendelee tena, na hali ikawa hiyo hiyo mpaka zikatimia beti mia moja. Mzee anayesafiri na mdogo wake, kazi yake njiani ni kusikiliza na kusema endelea. Ni wangapi miongoni mwetu tuliowahi kumwambia mtoto wetu aendelee?

Pengine mzazi atasema mwanawe hana haja na ushairi. La hasha, kijana huyo yumo ndani ya ushairi usiku na mchana. Hicho kinachomjaa masikioni ni maneno yenye vina na mapigo, na mwambie akusomee bila ya muziki uone, atakutolea mistari mia aliyoihifadhi bila ya mwalimu wala bakora. Baadhi yake ni kazi ya akili nzuri, hatuna budi kukiri. Baadhi yake ni uchafu ambao hatuwezi kuutaja hapa. Sisi hatukumpa kitu cha kupimia kati ya huu na ule, ndipo akapokea vyote kwa pamoja.

Huko shuleni ushairi upo, tena kwa miaka mingi vijana wa sekondari nchini Tanzania wamesomeshwa diwani nzuri kama Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib na Malenga Wapya. Ila wanasomeshwa kwa haraka ya mtihani. Kijana anaulizwa dhamira, muundo na mtindo wa shairi ambalo hajawahi kulisikia likighaniwa hata mara moja. Hatuwalaumu walimu, kwani darasa limefurika na muhula ni mfupi. Tunasema tu kwamba shairi la Kiswahili ni kitu cha sauti, na anayekutana nalo kwanza katika karatasi ya maswali ni sawa na aliyeonyeshwa pilau kwa picha.

Wazee wetu walianzia kwenye sikio, na walianzia nyumbani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, akiwa mgonjwa na akihisi kwamba ajali yake haiko mbali, alimwita binti yake Mwana Hashima, msichana wa karibu miaka 17, akae karibu yake na wino na karatasi ampe wasia. Wasia huo ndio utendi tunaoujua kwa jina lake, wa beti mia na ushei. Tutafakari hali ile. Mama anaondoka, ana binti wa umri huu huu tunaousema, ana mambo ya dini, ya adabu na ya maisha ya ndoa ya kumwambia, na katika njia zote za kusema akachagua utenzi, ili maneno yabaki kichwani mwa mwana baada ya sauti ya mama kukatika.

Tunawashauri kina mama wausome utendi huo pamoja na mabinti zao, kidogo kidogo, kwa sauti. Lugha yake ni ya Kiamu na maneno mengine yatahitaji kuelezwa, jambo ambalo ni zuri, kwani ndipo mazungumzo yanapozaliwa. Hapana shaka binti wa leo atapinga baadhi ya yaliyomo, hususan yale ya mke na mumewe. Mwache apinge. Binti aliyekaa na mama yake saa nzima akijadiliana naye juu ya ubeti mmoja amepata kitu ambacho mawaidha yetu ya kila Ijumaa hayawezi kumpa.

Kwa anayeona Kiamu ni kigumu, Shaaban Robert (1909–1962) aliandika tenzi mbili kwa Kiswahili chepesi zaidi, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Na kwa kijana anayedai kwamba mashairi ni mambo ya wazee wenye kobazi, mweleze habari za Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa jela nchini Kenya kwa waraka wa kisiasa alioutoa mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22 tu. Humo gerezani alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni, na mashairi hayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Tumepata kuwasimulia vijana kisa hicho mara kadhaa, na kila mara yupo anayeuliza kitabu kinapatikana wapi.

Akishasikia vya kutosha, mwenyewe atataka kujaribu. Hapo ndipo sheria zinapofaa, wala si kabla. Utenzi ndio mlango mwepesi: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Ahesabu kwa vidole, kila silabi kidole kimoja. Shairi la mishororo minne lifuate baadaye, na kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, bado ni msaada mkubwa kwa atakayekipata. Wanafunzi wa madrasa wana heri zaidi, kwani aliyehifadhi Aqidatul Awam au sehemu ya Alfiyya ya Ibn Malik amekwisha kujua kwamba hata akida na nahau zilifundishwa kwa beti ili zisisahaulike.

Linabaki swali zito kuliko yote, nalo ni la mzazi anayelikuta shairi ambalo hakuonyeshwa. Mama mmoja alitujia akiwa na hasira, ameshika daftari la binti yake wa miaka kumi na nne, akitutaka tumkanye mtoto kwa kuandika upuuzi badala ya kusoma. Kwa kuwa tulikwisha kosea mara moja, tulilisoma polepole. Shairi lilihusu mlango. Beti zote zilikuwa juu ya mlango wa chumba usiofungika vizuri, na mtu anayeomba usiku upite upesi. Tulimuuliza mama huyo nani analala katika nyumba ile. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akakaa chini. Hatutasimulia yaliyofuata, kwani si yetu kuyasimulia. Itoshe kusema kwamba mgeni aliyekuwa akilala katika nyumba ile hakulala tena humo, na kwamba binti yule alikuwa amejaribu mara mbili kumwambia mama yake kwa maneno ya kawaida akashindwa.

Kwa hiyo, mzazi ukiliona shairi la mwanao, lisome kwanza kama barua. Likiwa la mapenzi, jua kwamba moyo wake umeamka, nawe una nafasi ya kuzungumza naye juu ya heshima na mipaka ya dini kabla hajazungumza na mtu mwingine. Likiwa la huzuni, usimwambie amshukuru Mwenyezi Mungu na aache kulalama. Muulize. Makosa ya vina yanaweza kungoja hata mwaka.

Yule kijana wetu tulimwona tena baada ya miaka zaidi ya kumi, katika stendi ya mabasi, mtu mzima mwenye ndevu na mzigo begani. Alitupa mkono kwa adabu, "Shikamoo, maalim," kana kwamba hatukumkosea kamwe. Tukamwomba radhi pale pale, mbele ya watu, kama tulivyomtahayarisha mbele ya watu. Akasema yamekwisha. Tukamuuliza kama bado anatunga, akatabasamu bila ya kujibu. Basi tukamsomea ubeti wa kwanza wa shairi lile, ambao haujatutoka mpaka leo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatusahihisha neno moja, kisha akapanda basi lake.

Wabillahi tawfiq.