Nani Anakagua Mzani wa Bando?



Kwenye ukanda wetu huu wa pamba na dhahabu kuna somo moja ambalo halifundishwi shuleni lakini kila mtu analijua: anayeshika mzani ndiye anayekula. Baba zetu walipeleka pamba kwenye vituo vya ununuzi wakarudi wanalalamika kilo zimeyeyuka njiani. Wachimbaji wadogo wamelia miaka mingi na broka anayekuja na kamzani kake mfukoni, anapima mwenyewe, anasoma mwenyewe, bei anataja mwenyewe.

Kwa sababu ya vilio hivyo ndiyo maana Wakala wa Vipimo anakagua mizani ya pamba na pampu za mafuta. Ndiyo maana pia Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini pale Geita, la kwanza nchini, ili dhahabu ipimwe hadharani mbele ya afisa na bei ijulikane kabla mtu hajaachia mzigo wake. Wizi haujaisha, lakini angalau kanuni imekubalika: anayenunua hawezi kuwa ndiye mwenye mzani peke yake.

Sasa naomba tuulizane swali moja. Bando unalonunua kila siku linapimwa na nani?

Mimi nauza vocha na kufanya uwakala wa pesa hapa Katoro. Wateja wangu ni bodaboda, mama lishe, watu wa karasha, vijana wa maduara. Kila siku nasikia lalamiko moja kwa sauti tofauti: "Wakala, nimeweka bando la buku, sijaangalia hata video moja, meseji imekuja limeisha." Mimi namjibu nini? Sina mzani. Yeye hana mzani. Mzani anao aliyeuza, na ndiye huyohuyo anayetuma meseji ya kusema mzigo umekwisha. Ni kama broka wa zamani, ila huyu humwoni hata sura.

Labda mteja amekosea. Labda simu yake ilikuwa inajisasisha yenyewe usiku. Inawezekana kabisa. Hoja yangu ni kwamba hakuna njia ya kawaida ya mwananchi wa kawaida kujua ukweli uko wapi. Na pale ambapo mmoja anajua na mwingine hajui, mnyonge hulipa.

Halafu kuna suala la muda. Kijana ananunua bando la saa 24 asubuhi, anashuka duarani. Kule chini hakuna mtandao. Anapanda jioni amechoka, anaoga, anakula, analala. Bando limekufa hajaligusa. Pesa yake ilikuwa halali, lakini bidhaa aliyouziwa imeoza ndani ya siku moja kama dagaa wasioanikwa. Unga ukiununua Jumatatu ukapika Ijumaa, bado ni wako. Kwa nini MB isiwe hivyo?

Watasema, nunua bando lisilo na ukomo wa muda, yapo. Ndiyo, yapo. Piga hesabu ya bei yake kwa kila MB, uone anayeweza kununua ni nani. Anayeishi kwa mgao wa wiki hananunui bando la mwezi, ananunua la jero na la buku. Kwa hiyo maskini ndiye anayeuziwa bidhaa inayooza haraka zaidi.

Tusiwe watu wa kulaumu bila kumbukumbu. Mwaka 2021 TCRA ilileta kanuni za vifurushi zilizosema mteja apewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika asilimia 100, na aweze kumhamishia mwingine bando lake. Kwenye karatasi ni kanuni nzuri. Lakini Aprili 2 mwaka huohuo, siku zilipoanza kutumika, watu waliamka wakakuta bei zimepaa. Kelele zikapigwa nchi nzima na serikali ikasitisha bei zile mpya.

Tukumbuke pia tozo ya miamala. Ilianza Julai 15, 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakapiga kelele, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Wakaendelea, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na Julai 2023 tozo ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu ikafutwa. Huo haukuwa wema wa mtu. Ni wateja waliogoma kukaa kimya, na wengine walirudi kubeba hela mkononi. Mimi niliona kwenye kibanda changu: mistari ilikatika.

Kwa hiyo kelele zinafanya kazi. Shida ni kwamba zikishatulia, mambo hurudi kwa mlango wa nyuma. Bei inabaki ileile, MB zinapungua. Anayeuza vocha kama mimi ndiye anaona kwanza, kwa sababu mteja anakuja kunigombeza mimi.

Tuje kwenye swali gumu: kwa nini serikali haitubebi hapa kama ilivyodai kutubeba kwenye makinikia? Mwaka 2017 makontena ya mchanga wa Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiwa, kamati za maprofesa zikaundwa, nchi nzima ikauliza kuna nini ndani ya kontena. Mwisho yakaja makubaliano na Barrick, ikazaliwa Twiga, serikali ikapata asilimia 16. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya matokeo, mimi ninayo yangu. Lakini swali lenyewe lilikuwa sahihi: fungua kontena tuone.

Kwenye simu, serikali ilishafungua kontena zamani, ila kwa ajili yake. Mwaka 2013 uliwekwa mfumo wa kuhesabu mawasiliano, unaitwa TTMS, na mwaka 2019 ukakabidhiwa kwa TCRA. Unafuatilia mawasiliano yanayopita kwenye mitandao ili mapato ya nchi yasipotee. Maana yake uwezo wa kupima upo. Mtozaji kodi ana mzani wake. Mlipaji ndiye hana.

Na sababu haijajificha sana. Ukinunua vocha ya buku, ndani yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 17.5, na juu ya hapo VAT asilimia 18. Piga hesabu taratibu: huduma yenyewe ni kama shilingi 721, na shilingi 279 zinazobaki ni kodi. Bado hujagusa hisa. Serikali inamiliki asilimia 49 ya Airtel Tanzania tangu makubaliano ya mwaka 2019, na TTCL ni yake yote. Mwamuzi anayeshika filimbi amevaa na jezi ya timu mojawapo. Sisemi kwamba kila uamuzi wa TCRA umepindishwa. Nasema mchezaji mnyonge ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo uliongezeka Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi mkuu intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3. Ya kisiasa tumeyasema na tutaendelea kuyasema. Leo nayasema kama mteja. Nilikuwa na bando la wiki, nimelilipia pesa taslimu. Mtandao ule sitautaja jina. Intaneti iliporudi, muda wa bando langu ulikuwa umekwisha, na sikurudishiwa hata MB moja. Saa ya bando iliendelea kutembea wakati huduma imesimama. Hata gesti bubu ya Katoro ikikufungia mlango usiingie, haikudai hela ya kulala.

Upande wa pili wa simu hiyohiyo wako wakopeshaji. Hapa kwetu "kausha damu" tunaijua tangu enzi za daftari, siku hizi imehamia kwenye programu. Unapakua, inakuomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wote kwenye simu yako, unabonyeza kubali kwa sababu mtoto anaumwa. Unaomba 50,000, ada inakatwa mbele, unapokea pungufu, na unatakiwa kurudisha yote ndani ya siku chache. Ukichelewa, meseji zinaanza kwenda kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi wa karasha: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Nimeona mtu mzima analia kwenye benchi langu kwa aibu ya deni dogo kuliko bei ya gunia la mahindi.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Hatua nzuri. Lakini jiulizeni: zile programu zilifikaje kwenye simu zetu? Nyingi ya programu tunazopakua tunazitoa kwenye duka la Google. Kenya ilitoa kanuni zake za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na mwaka 2023 Google ikaanza kuzitaka programu za mikopo zinazowalenga Wakenya zionyeshe leseni ya Benki Kuu yao. Mwaka huohuo ikapiga marufuku programu za mikopo kusoma majina na picha za mkopaji. Nigeria nako, Julai 2024, tume yao ya ushindani iliitoza Meta, wenye Facebook na WhatsApp, dola milioni 220, na mwaka uliofuata baraza la rufaa likasema faini ibaki.

Somo ni hili: hata kampuni kubwa kuliko bajeti ya nchi huwa inasikia, ila inasikia ikibanwa na mtu mwenye meno. Sisi nasi tuna meno kwenye makaratasi. Tuna Tume ya Ushindani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake. Tuna hata baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano. Nendeni pale stendi ya Katoro muulize watu kumi kama wamewahi kulisikia hilo baraza. Ofisi ya kanda ya TCRA iko Mwanza. Daraja la Busisi limekwisha, tunashukuru, lakini nani atapanda basi kwenda Mwanza kudai bando la buku? Wanaotupiga wanajua hesabu hiyo vizuri. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba ni chao.

Najua kampuni zitajibu. Watasema minara ni gharama, dizeli ni gharama, kodi ni nzito. Ni kweli, na mimi nimeonyesha kodi hapo juu. Watasema bei ya data Tanzania si kubwa ukilinganisha na majirani. Tuseme ni kweli. Bei nafuu kwenye mzani mbovu bado ni wizi. Hatuombi bure. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa hiyo msimamo wetu vijana ni huu, na tunataka uingie kwenye ajenda ya chama kata kwa kata:

Kwanza, TCRA ipime matumizi ya data kwa simu za majaribio, mtandao kwa mtandao, mkoa kwa mkoa, na itangaze matokeo kila robo mwaka. Wakala wa Vipimo anagonga muhuri kwenye mzani wa pamba, na bando nalo ligongewe muhuri.

Pili, MB zilizolipiwa zisife. Zikibaki, ziingie kwenye bando linalofuata bila masharti. Na huduma ikizimwa, kwa amri ya yeyote yule, saa ya bando isimame.

Tatu, serikali ichague: iuze hisa au ikabidhi usimamizi kwa chombo ambacho hazina haikiamrishi.

Nne, programu ya mkopo isiyo na leseni ya Benki Kuu isionekane dukani kwa simu ya Mtanzania, na mwenye duka aulizwe, siyo mkopaji peke yake.

Tano, dawati la malalamiko liwe kwenye kila halmashauri. Kama mtu anaweza kuilipa kodi akiwa Nyarugusu, anaweza kusikilizwa akiwa Nyarugusu.

Wakati tunadai, tusikae bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wetu wa huku Kahama na jirani walichoka kuibiwa ng'ombe huku dola inaangalia, wakaanzisha sungusungu. Sisi hatuhitaji upinde wala fimbo, na hatutaki ubabe wake. Tunahitaji ule umoja wake: mmoja akiibiwa, kijiji kizima kinaamka. Nunua bando, piga picha ya meseji ya kununua na meseji ya kuisha. Andika tarehe na saa. Peleka kwa katibu wa vijana wa kata yako. Lalamiko moja la buku ni kelele za mlevi. Malalamiko elfu tano yenye tarehe na picha, yakifika Mwanza siku moja, huo ni ushahidi.

Daftari la Katoro limeshafunguliwa. Mawakala wenzangu wa Kakola, Lwamgasa na Maganzo, fungueni na ya kwenu.